Kanga na Kigoda cha Simba

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti zimelala? Nanyi watu wazima huko nyuma, msijifanye hamsikii. Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo zamani za kale, kiangazi kikali, kisima kilikuwa kimoja tu. Simba akakizungushia ua wa miiba, mlangoni akamweka Fisi. Simba na jamaa zake wanywe, waoge, wakoroge. Wengine wanywe matope. Kanga alikuwa na vifaranga tisa, wakashikwa na tumbo. Wawili wakawa hawasimami. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Kanga akapanda juu ya kichuguu. Keke-keke! Keke-keke! "Maji hayana bwana. Kisima ni cha wote. Tusiwe na mkubwa wala mdogo, tuung'oe ua pamoja."

Wakaja Kima na Kobe. Wakaunda chama kisicho na mwenyekiti, maana mwenyekiti naye ni mkubwa. Siku ya kwanza wakajadili wakae duara au mstari. Siku ya pili wakajadili nani atangaze kwamba hakuna wa kutangaza. Siku ya tatu Kobe akaomba kusema. Siku ya nne alikuwa bado anasema.

Lakini maneno yana miguu. Fuko aliyasikia huko chini ya ardhi, akamwambia Ngiri. Ngiri akawaambia Panya. Hawa mkutanoni hawakwenda, walikuwa na kazi.

Fisi akamwendea Kanga. "Mkubwa wenu nani?"

"Hatuna."

Fisi akarudi amefyata mkia. "Bwana, nimkamate nani? Hawana kichwa."

Simba akacheka. "Waambie nina kigoda kimoja barazani. Kesho mkubwa wao aje akikalie."

Alfajiri Kanga akajikung'uta, akajichambua manyoya yakang'aa. "Naenda kwa ajili ya wanangu tu," akajiambia. Mnacheka nini? Akafika, akamkuta Kima. Kobe naye akatokea, aliondoka tangu jana.

"Mkubwa wenu nani?" akauliza Simba.

"Mimi," wakajibu wote watatu.

"Basi kubalianeni, kisha mniamshe." Simba akalala. Wakabishana mpaka jua la utosi.

Kule kisimani, kwaru, kwaru! Fuko anachimba chini ya nguzo. Panya wanatafuna kamba. Ngiri akasukuma. Puu! Ua chini. Fisi akazunguka akiuliza mkubwa nani, asijibiwe. Vinywa vilikuwa majini.

Simba akaja akinguruma. Akaona pembe za Ngiri, akaona nyati wamejipanga, akaona mbuga nzima imesimama pamoja. Akaumeza mngurumo wake.

Kanga akaja mbio, roho mkononi. Akawakuta wanawe wote tisa wanakunywa. Wale wawili Panya waliwabeba. Kanga akapanda kichuguu. "Ndugu zangu, mimi ndiye niliye..."

"Dada Kanga," Fuko akamwambia, "maneno yako tuliyapenda, ndiyo maana tumeyatenda. Sasa shuka. Wanao wanakutafuta."

Kanga akashuka. Aliona haya, akalia kidogo, kisha akanywa.

Basi anayehubiri kwamba hakuna mkubwa, kwanza akitoe kigoda moyoni mwake. Na neno jema ni la wanaolitenda.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeisikia ni yake, na awagawie wenzake.