Tembo Alivyoalikwa Uwanja wa Wote

Hapo zamani za kale, wanangu, kale ile nyasi hazijawa na mwenyewe, palikuwa na uwanja wa majani mafupi ulioitwa Uwanja wa Wote. Lo, uwanja ule! Mvua ikinyesha unanukia mpaka ndani ya nyumba, na watoto wa kila mnyama walicheza pale kutwa, kwa kuwa Chui hakuwa na pa kujificha.

Mama Tunu, digidigi, alikulia pale. Ndipo mama yake alipomfundisha kukimbia, na alipojifungua mwanawe wa kwanza, Tunu, alisema moyoni, huyu naye nitamleta.

Siku moja anafika, ua! Miiba uwanja mzima, na Nyati kasimama langoni anatafuna.

"Shikamoo, mjomba. Ua wa nini tena huu?"

"Marahaba. Ni shamba langu. Zungukeni huko vichakani."

"Vichakani kuna Chui, mjomba! Nina mtoto!"

"Mfundishe mbio." Mfff! Akampulizia vumbi.

Tangu hapo Mama Tunu hakula akashiba. Jani likisema chwa! karuka, moyo du-du-du, mtoto yuko wapi, yuko wapi mtoto.

Wanyama waliandika barua kwa Tembo, Bwana Ardhi. Nungunungu aliandika matusi. Nyani aliandika kilio, kurasa na kurasa. Tembo alizilalia zote kama mto, maana Nyati alikuwa akimpelekea miwa.

"Sasa naandika mimi," akasema Mama Tunu.

Nungunungu akacheka kwi-kwi-kwi. "Wewe, shoga yangu, hata kivuli chako unakikimbia! Utamlalamikia vipi?"

"Simlalamikii. Namwalika."

Akaandika: "Mheshimiwa Bwana Ardhi, Ijumaa asubuhi watoto wetu watacheza ngoma katika Uwanja wa Wote, ambao ofisi yako inatutunzia. Tunakuomba uwe mgeni rasmi. Kiti chako kitakuwa mbele. Nakala: wanyama wote."

Mgeni rasmi! Tembo akaisoma, akaisoma tena kwa sauti mkewe asikie, akajibu siku ileile: nakuja.

Ijumaa ikafika. Tembo kavishwa shada la maua, ngoma ti-ti-ti, vigelegele, watoto nyuma yake. Langoni, Nyati.

"Bwana mkubwa," Nyati akanong'ona, "si tulielewana? Ile miwa..."

"Miwa gani?" Tembo akakohoa.

Mama Tunu akapiga goti mbele ya umati. "Mheshimiwa, mjomba anasema uwanja ni wake. Basi mgeni wetu tumrudishe nyumbani?"

Ngoma ikanyamaza. Kila jicho kwa Tembo. Masikio yakampepea, pwa, pwa. Arudi, na shada shingoni?

"Nani wa kunirudisha mimi!" akafoka. "Huu ni Uwanja wa Wote, leo natangaza!" Akausukuma ua kwa kichwa: kra! kra! pwaa! Nyati akatimua mbio bila hata kuaga.

Tunu akachomoka, mbio uwanja mzima, majani yakimfika kwenye kwato tu, na mama yake akasimama akilia, maana alimwona mwanawe toka mwanzo wa uwanja hadi mwisho.

Hadithi naiacha papo hapo pa majani mafupi, nanyi shikeni hili: mwenye cheo ukimlilia pembeni atalala, mpe kiti mbele za watu atasimama.