Moshi wa Mnanaa

Mtu anaweza kumfumba macho mkewe, rafiki yake na hata daktari anayetaka kumponya, lakini kifo hakitunzi siri ya mtu. Ndiyo maana wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Anayedhani hayo ni maneno ya kupoza wagonjwa na asikilize yaliyompata fundi mmoja wa makochi.

Fundi huyu alikuwa na mikono ya dhahabu. Kochi lililokongoroka, ambalo mwenyewe amekwisha kulikatia tamaa, lilitoka kwake limetuna na kung'aa hata mwenyewe akasita kulikalia. Watu walimwita Sponji. "Mimi nafyonza maneno yote," alizoea kusema, "ila msiniminye!"

Mkewe alikuwa mwoka keki. Rafu ya jikoni kwake ilijaa chupa ndogo za mafuta ya ladha: machungwa, ndimu, mnanaa. Walipendana kama chanda na pete. Kilichowagombanisha ni sigara tu, kwani Sponji alivuta tangu ujana wake bila kupumzika. Mke aliposhika mimba, alisema neno moja.

"Mume wangu, chagua. Sigara, au mimi na mwanao."

Sponji aliapa kwamba ameacha, na sigara kweli aliziacha. Ila alijinunulia sigara ya umeme, akaificha karakanani ndani ya gunia la pamba. "Huu si moshi, ni mvuke," alijidanganya. Maji ya kuvuta, yanayojazwa ndani yake, yaliyouzwa madukani aliyaona yamepooza, basi akaanza kujichanganyia mwenyewe nyuma ya karakana. Alivuta gliserini kwa bomba la sindano, akatia nikotini aliyouziwa katika chupa isiyo na karatasi ya maelezo, kisha akadondoshea mafuta ya mnanaa aliyoyachota kwenye rafu ya mkewe.

Rafiki yake, mpaka rangi wa jirani, alimkuta akitikisa chupa.

"Sponji, hayo si mafuta ya keki? Yanafaa kuvutwa kweli?"

"Tunayala kila siku na tumbo halisemi kitu. Kifua ndicho kitalalamika?"

Mpaka rangi alicheka, akaomba naye ajaziwe chupa yake.

Mtoto alizaliwa, akaanza kutambaa. Wakati huo ndipo kikohozi kilipompiga hodi Sponji, na kilipoingia hakikutoka. Mwili ukamwisha, mashati yakamning'inia kama yaliyotundikwa msumarini. Kila mkewe alipouliza, alijibu kwamba ni vumbi la sponji. Mwishowe mke alimkokota hadi hospitali.

Daktari, mwanamke mpole asiye na haraka, alimpima kifua, akakunja uso.

"Unavuta chochote, baba? Sigara, tumbaku, hata hii ya umeme?"

Sponji alimtazama mkewe. Naye mke alikuwa akimtazama kwa fahari, mtoto amelala begani pake.

"Nilikwisha acha, daktari."

"Kabisa! Mimi ni shahidi," mke alidakia.

Daktari aliandika dawa za homa ya mapafu. Walipofika langoni, Sponji alisimama. "Tangulieni, nimesahau kofia," alisema, akarudi hadi mlangoni pa daktari, akainua mkono abishe hodi. Mkono ukamshinda. Alipomfikia mkewe, aliitoa kofia mfukoni, ilimokuwa muda wote.

Dawa zikaisha, kikohozi kikabaki, na sigara ya umeme haikutoka midomoni. Siku moja asubuhi alianguka karakanani, midomo imemgeuka bluu. Kitandani hospitalini aliisogeza barakoa ya hewa, akamshika mkewe mkono.

"Mnanaa..." alisema kwa shida. "Mnanaa wako..."

Mke alidhani anatamani chai ya mnanaa. Alikimbia nyumbani kuichemsha. Aliporudi na chupa ya chai, shuka lilikuwa limefunika uso.

Msibani, mpaka rangi alijongea karibu na kaka wa mjane, akamnong'oneza.

"Ndugu yangu, najua wakati wenyewe si huu. Marehemu alikuwa akinichanganyia maji ya kuvuta. Hakubakiza hata kidogo, yale ya mnanaa?"

"Maji gani ya kuvuta?" kaka aliropoka kwa sauti. Waombolezaji wote wakageuka.

Mjane aliinuka. Alimwongoza mpaka rangi hadi karakanani, naye akamwonyesha lile gunia. Alitoa sigara ya umeme, mabomba ya sindano, na chupa za rafu yake mwenyewe, alizodhani zinakwisha kwa sababu ya wingi wa keki. Akakaa juu ya kochi lililobaki mbao tupu.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alikuogopa, shemeji."

"Aliniogopa mimi kuliko kifo?"

Mpaka rangi alitaka kujibu, kikohozi kikamkaba. Mjane alimkazia macho.

"Mkeo anajua?"

Mwanamume aliinamisha kichwa. Mjane alimshika mkono wa shati, akampitisha mbele ya waombolezaji waliopigwa na butwaa, hadi kwa yule daktari. Akapanga chupa mezani.

"Mume wangu alivuta haya, nami nikakuapia kwamba havuti. Na huyu anavuta hayo hayo."

Daktari aliinua chupa moja kwenye mwanga, akainusa.

"Haya ni mafuta, mama. Mapafu hayana pa kuyapeleka. Laiti ningeambiwa siku ile, ningetafuta ugonjwa wenyewe."

Mpaka rangi alieleza yote, mkewe naye alipoitwa akayasikia. Alilia, akamfokea, kisha akakaa kando ya kitanda alicholazwa mumewe. Mpaka rangi alitibiwa, akapona nusu: ngazi fupi tu humtoa jasho, lakini yu hai na wanawe wanamwita baba. Sponji, aliyekuwa hatua moja tu kutoka mlango wa daktari, yuko chini ya udongo, na siri aliyomficha hata mkewe leo inajulikana mtaa mzima. Ama kweli, mficha maradhi kifo humuumbua.