Maji ya Waridi ya Bi Rasha

Ugonjwa ukifichwa hauponi. Hukaa ndani ukajenga, ukazaa, na siku ukitoka hautoki peke yake. Hamdiya alilijua hilo tangu utotoni, kama sote tunavyolijua, na kama sote alidhani linawahusu wengine.

Hamdiya alikuwa mpiga video za harusi huko Nguvumali. Siku hiyo macho yalimwasha na mgongo haukunyooka, kwa maana kazi iliyokuwa mezani haikuwa ya mzaha. Ilikuwa harusi ya Leticia, na ndani yake alikuwamo baba yake, Mzee Abrahamu, akimwingiza bintiye kanisani huku akicheka hadi machozi. Mzee huyo walikuwa wamemzika wiki iliyopita. Kicheko kile hakikuwa na nakala nyingine, kwani kadi za kamera Hamdiya alikwisha kuzifuta ili apige harusi nyingine. Leticia angeifuata video alasiri.

Hamdiya alipokwenda kuswali adhuhuri, mama mkwe wake, Bi Rasha, aliingia chumbani. Asubuhi nzima alikuwa amemsikia mkwewe akilalamika kwamba kompyuta imekuwa nzito, na kwa Bi Rasha, uzito usio na sababu ni kijicho cha watu. Alisoma dua, akachukua mrashi, akainyunyizia kompyuta maji ya waridi, hasa nyuma kwenye matundu, ili baraka ziingie vizuri. Kompyuta ikalia ta! ikazimika.

"Nisitiri, mwanangu," alimwambia Hamdiya aliporudi, baada ya kumweleza alichofanya. "Watu wakisikia watasema akili zimeniruka."

"Sitasema, mama," alijibu Hamdiya. Alimpenda sana mama huyo, na uchovu haukumwachia nafasi ya kufikiri zaidi.

Akampigia simu fundi Edgar, kijana wa Lushoto aliyehamia mjini. Edgar alifika, akamwamkia Bi Rasha shikamoo, naye akaitikia marahaba macho yakiwa sakafuni.

"Ilianzaje, dada Hamdiya?"

"Ilizimika tu."

"Umeme ulikatika? Iliangushwa? Kuna kitu kilichomwagika?"

Kwa swali hilo la mwisho Hamdiya alimtupia jicho Bi Rasha. "Hapana. Yenyewe tu."

Basi Edgar akautibu ugonjwa alioambiwa. Alihamisha plagi kwenye soketi nyingine, akabonyeza kitufe. Kimya. Akabadilisha waya, akabonyeza tena. Feni ikazunguka kidogo, ikakata roho. Kila alipobonyeza, Hamdiya alifumba macho. Alifungua kinywa aseme, akamwona Bi Rasha akivuta tasbihi na kumtazama, akakifunga. Edgar akabonyeza kwa muda mrefu zaidi. Hapo harufu ya kuungua ikajaa chumba, na pamoja nayo harufu nyingine, tamu, ya waridi.

Edgar alichomoa waya upesi, akafungua ubavu wa kompyuta. Matone yalikuwa bado yanang'aa. Diski iliyobeba harusi ilikuwa na doa jeusi, na alipoijaribu kwenye kompyuta yake ndogo haikusomeka.

"Dada," alisema, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na watu kuliko mashine, "ungeniambia kuna maji, nisingeiwasha hata mara moja. Ningeitoa diski kwanza. Saa hizi ungekuwa na video yako."

"Ni mimi, mwanangu," alisema Bi Rasha, akaangua kilio. "Ni mimi niliyeinyunyizia." Ukweli ulikuwa umefika, lakini matanga yalikwisha kuanuliwa.

Mara hodi ikapigwa. Leticia aliingia na nguo zake nyeusi, uso wake ukiwa na nuru kidogo.

"Dada Hamdiya, leo mama ameinuka kitandani kwa mara ya kwanza tangu mazishi," alisema. "Amepanga viti sebuleni. Anasema anataka kumsikia baba akicheka."

Hamdiya aliona bora ardhi ipasuke immeze. Alieleza yote: mrashi, dua, ahadi ya kusitiri, na kila mara kitufe kilipobonyezwa naye amenyamaza. Leticia alisikiliza hadi mwisho. Hakugomba. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo, "Sasa mama nikamwambie nini?"

Aibu ambayo ingeishia kwa fundi mmoja ilitoka na Leticia mlangoni, ikaenda kusimuliwa mbele ya viti vya wafiwa. Hakika, mficha maradhi, kifo humuumbua.