Mkono wa Rana Jaitkaran

Hapo zamani, katika milima ya Rajputana huko Bara Hindi, malkia na mhunzi waligombana huku mfalme akikata roho kando yao katika kibanda cha msituni.

"Weka chini upanga huo, Gopa!"

"Siuweki, mama. Niliufua mimi."

"Kwa hiyo ni wako? Basi aliyekufumia kilemba na aje akichukue!"

Mfalme huyo, Rana Jaitkaran, alinyang'anywa ngome yake na jeshi la Shahenshah, mtawala aliyetaka wafalme wote wamwinamie. Wengine waliinama, wakapewa tembo na hariri. Yeye alikataa. Akaapa hatalala kitandani mpaka afungue lango la ngome yake kwa mkono wake. Akazeeka akilala juu ya majani.

Asubuhi hiyo habari zilifika: askari wa Shahenshah wamekimbia, ngome ni tupu. Lakini mfalme alikuwa na jeraha baya, hawezi hata kuketi. Kwa desturi yao, upanga wa mfalme ni mkono wake. Akasema, "Mmoja wenu aupeleke, afungue lango, nife nimetimiza kiapo. Yeye na kizazi chake watalilinda lango hilo daima." Sauti ikamkauka kabla hajataja jina.

Gopa akasema, "Niliapa pamoja naye. Sina nyumba, wanangu wamezaliwa mkokotenini. Chuma kilipokwisha, nilifua panga kwa majembe yetu, tukalala njaa."

Malkia Sajjan akasema, "Njaa! Mwaka ule wa homa mfalme alichoka, akanituma niwaambie wajumbe wa Shahenshah kwamba atainama. Nikatoka, nikawaambia hainami. Vita vikaendelea, vikamla mwanangu wa pekee. Bila mimi kungekuwa na kiapo gani cha kutimiza?"

Mfalme alisikia. Machozi yakamtoka, na hakuna aliyejua kama ni ya hasira au ya shukrani.

Mlangoni alisimama Thavri, mwindaji wa Kibhili, kabila la milima hiyo, mwenye kibanda hicho.

"Kumbe ni wewe, mama," akasema. "Wajumbe wale walipoondoka, kijiji changu kilichomwa kwa kumficha mfalme. Hata hivyo hatukumtoa. Na sisi ndio tuliowakatia askari maji mpaka wakakimbia."

Kisha akawageukia watu waliojaa nje.

"Nyote mmesikia. Bado anapumua. Semeni upesi: nani anastahili kuubeba upanga huu?"