Nani Afunguliwe Kibwebwe

Nikisema "walikuwepo", nyinyi itikieni "tunawasikia". Itikieni vizuri, maana nimetoka jikoni sasa hivi, miguu inaniwaka moto, na sina nguvu za kumbembeleza mtu.

Walikuwepo.

Haya, walikuwepo wanawake watatu, wake wa ndugu watatu, wakikaa ua mmoja katika kijiji cha Kidundui. Mkubwa wao ni Semeni. Semeni alikuwa na kichwa: neno likishaingia humo halitoki. Ukimwambia leo kwamba bamia zinakuwasha, atakukumbusha wewe mwenyewe miaka mingi baadaye, kwenye harusi ya mwanao, mkono wako ukiwa umeshaufikia mchuzi.

Wa pili, Mwanamvua, alikuwa na pua. Akilinusa papai kwenye kikonyo alijua limechumwa changa au limekomaa, na litafaa kuliwa leo jioni au kesho.

Na Chausiku, mdogo wao, alikuwa na mikono. Kigumu chochote kikipita mikononi mwake kilitoka laini, iwe nazi, iwe nafaka, na wenye utani waliongeza hata moyo wa mumewe, ambaye alikuwa jiwe kabla hajaoa.

Vipaji vitatu, na hakuna hata kimoja kilichompa mwenyewe nafasi ya kukaa kitako. Ndivyo ilivyo. Ukijulikana unaweza, utaitwa.

Mama mkwe wao aliitwa Bi Kidawa. Mwaka mmoja tumbo lake lilimgeuka. Alichokila kilirudi, na kilichokaa kilimkunja kama mkeka. Akakonda mpaka bangili zikawa zinamdondoka. Wanawe wakamleta tabibu, mzee wa maneno machache. Akambonyeza tumbo, akanawa mikono, akasema, "Tumbo hili limekataa moto. Kuanzia leo asile kilichochemshwa, kilichochomwa wala kilichokaangwa. Maisha yake yote. Akila, mtamzika."

Mtoto mkubwa wa kiume, mume wa Semeni, akashusha pumzi. "Kumbe jambo dogo. Atakula matunda."

Semeni akamtazama. "Mama hali karanga. Akila, koo linavimba. Vichachu vinamchoma tumbo, kwa hiyo ndimu, ukwaju na machungwa tuviache. Na meno hana."

"Sasa kimebaki nini?"

"Ndiyo kazi yenyewe hiyo," akasema Semeni.

Na kazi ikaanza. Msioingia jikoni hamtanielewa, lakini wenzangu watanielewa. Chakula cha moto ukikichelewesha unachochea kuni, kinakuwahi. Choroko ukisahau kuziloweka, hakuna kuni ya kuziharakisha. Zinataka kulala majini, zichujwe, zifunikwe kitambaa, zisubiriwe mpaka zichipue. Kwa hiyo Semeni aliishi siku mbili mbele ya wenzake. Watu wakila chakula cha leo, yeye kichwani anapanga cha keshokutwa: ufuta ulowekwe sasa, tende ziondolewe kokwa, parachichi jana alikula kwa hiyo leo apumzishwe, tango lisikutane na papai kwa sababu yakikutana tumbo linanguruma. Hakuandika popote. Yote aliyabeba, na aliyabeba hata akiwa anaoga.

Mwanamvua alitembea. Shamba hili, soko lile, kilima kile kwa mzee mwenye migomba. Ananusa, anarudisha, ananusa tena. Wauzaji walimchoka. "Dada, unanunua au unahesabu pumzi za matunda yangu?" Yeye ananusa linalofuata. Jioni anarudi na ndizi chache, papai moja, dafu lenye nyama laini, na visigino vimepasuka.

Chausiku alikuna, akatwanga, akasaga choroko juu ya jiwe, akachuja kwa kitambaa, akasaga tena yaliyobaki. Karoti moja ilimchukua muda ambao wewe ungepika wali wa watu kumi. Ilikuwa lazima kila kitu kiteremke kooni mwa mtu asiye na jino hata moja.

Na msidhani jiko la moto lilizimwa. Waume na watoto walitaka ugali wao na mchuzi wao kama kawaida. Wanawake wale walikuwa na majiko mawili, moja lenye moshi na moja lisilo na moshi, na lile lisilo na moshi ndilo lililowamaliza. Siku moja mume wa Mwanamvua aliwakuta wamekaa chini wote watatu, migongo ukutani. Akacheka. "Mmechoka na nini nyinyi? Hata hampiki."

Walimtazama tu. Nguvu za kumjibu hawakuwa nazo, na mimi leo nawajibia: mwanamume yule alikuwa mjinga.

Basi Bi Kidawa akaanza kupata nafuu. Lakini kila mmoja wa wale watatu alikuja kukosekana siku yake, na hapo ndipo kisa changu kinapofunga fundo. Sikilizeni.

Semeni alishikwa na homa. Akiwa kitandani akawaambia wenzake, "Mama leo ni ufuta na tende. Mtwange." Wakatwanga. Kile kinu kidogo alichokitenga Semeni kwa chakula cha mama kilikuwa kimeazimwa na jirani, wakaona si neno, wakatumia kinu kikubwa. Walikiosha, wakakisugua kwa mchanga, wakakianika juani. Wanawake safi wale, hamtawalaumu. Ila kinu kile ndicho walichokuwa wakitwangia kisamvu na karanga tangu Bi Kidawa akiwa bibi harusi, na mti wake ulikuwa umekunywa mafuta ya karanga miaka yote hiyo. Bi Kidawa alikula vijiko vitatu. Midomo ikavimba, pumzi ikawa inapiga mluzi. Semeni akasikia mluzi ule kutoka kitandani, akaja anatambaa na homa yake. "Mmetwanga kwenye kinu kipi?" Akamkalisha mama, akamtapisha, akamshikilia mpaka pumzi ikarudi. Wenzake walilia. Yeye hakulia, alikuwa amechoka mno.

Kisha Mwanamvua alikwenda kwao kumzika mjomba. Semeni akaenda sokoni mwenyewe, akanunua ndizi za rangi nzuri, njano kama dhahabu. Zilikuwa zimechumwa changa, zikavundikwa shimoni kwa moshi ili ziwahi soko. Ganda limeiva, ndani bado. Chausiku aliziponda zikalainika, nani angejua? Bi Kidawa alikula akajikunja, na maumivu yale yale ya mwanzo yakamrudia kwa siku kadhaa. Mwanamvua aliporudi, hata kanga ya msiba hajavua, aliinusa ndizi iliyobaki akasema, "Hii imelala na moto." Akaenda kutafuta nyingine saa ileile.

Chausiku naye mkono ulimvimba kwa kukuna. Semeni alipanga vizuri, Mwanamvua alileta vizuri, wakakuna wao. Kipande cha nazi kikamkwama Bi Kidawa kooni. Uso ukambadilika rangi. Chausiku ndiye aliyekitoa, kwa mkono wake mzima, na tangu siku hiyo alirudi kukuna akitumia huohuo mmoja.

Mwishowe Bi Kidawa akainuka. Akatoka mpaka uani kwa miguu yake, bangili zikakaa mkononi. Watu wakaja kumpa pole na hongera kwa pamoja.

Sasa kule Kidundui wana desturi yao. Mke akiolewa, mama mkwe humfunga kibwebwe, kanga ile ya kiunoni, kwa mikono yake mwenyewe, na kuanzia hapo ameingia zamu za jiko. Na mama mkwe akiinuka kutoka ugonjwa wa kufa, humfungua kibwebwe mkwe mmoja. Mmoja tu. Aliyefunguliwa hashiki tena mwiko wala mchi. Anakaa barazani, anatengewa, analetewa. Zamu yake inagawiwa waliobaki. Na ni lazima afanye hivyo kabla jua halijazama siku aliyoinuka, la sivyo vibwebwe vyote vinabaki vilivyo.

Bi Kidawa akawaita, wakasimama mbele yake. Hakuna aliyependeza. Semeni macho mekundu, Mwanamvua anachechemea, Chausiku mkono mmoja ameufunga kitambaa.

"Semeni mwanangu, sema."

"Mama, mimi nikilala naota karanga. Nataka niamke siku moja nisijue watu watakula nini. Basi."

"Mwanamvua."

"Miguu, mama. Na sasa hata ua la mwanangu kichwani nalinusa kwanza kabla ya kuliona. Nataka nikae."

Chausiku hakungoja kuitwa. Alinyoosha mikono yake tu. Vidole havikunyooka vyote.

Semeni akawatazama wenzake, halafu akainamisha kichwa. "Mama, sitaki kuwasukumia wenzangu mzigo. Lakini ukiniuliza kama nataka kufunguliwa, nataka. Siwezi kudanganya."

"Hata mimi," akasema Mwanamvua.

"Hata mimi," akasema Chausiku, akaanza kulia, na wale wawili wakamshika mabega.

Bi Kidawa akaunyanyua mkono. Ukasimama hewani, kwa sababu ndipo alipoiona hesabu yenyewe. Akimfungua Semeni, siku moja kinu kitakosewa. Akimfungua Mwanamvua, ndizi zitamkunja. Akimfungua Chausiku, atakabwa. Na tabibu alisema maisha yake yote. Asipomfungua yeyote, ataishi, ila ataishi akiwala wanawake wale watatu kidogo kidogo, akiwatazama.

"Wanangu," akasema, "mmeniponya, na sasa sijui namshukuru nani bila kumuua mtu."

Jua lilikuwa limeshagusa paa la jirani.

Naona huyo pale anataka kusema Chausiku, kwa sababu ya ule mkono. Huruma ni nzuri, kaa nayo. Na huyu mama wa pembeni anasema Semeni, kwa sababu naye ni mkubwa wa nyumba na anajua kichwa kinavyochoka. Wazee wa Kidundui wanabishana hadi leo, na ninavyosikia wanabishana baada ya kula chakula walichopikiwa.

Mimi sijui. Ningejua ningeshaamua ya nyumbani kwangu. Nawauliza nyinyi, na nawauliza kwa dhati. Mkono ni wako sasa, mafundo yapo matatu mbele yako, na jua halikusubiri. Je, wewe ungefungua kibwebwe cha nani? Na asubuhi ungekula nini?