Ukuta Usiolazwa

Mchoraji mmoja alipewa ukuta. Aliitwa Eustaki, kijana ambaye picha zake zilikuwa zimeanza kutajwa mjini, na ukuta wenyewe ulikuwa wa wodi mpya ya wazazi, upande wa ndani, mbele ya mabenchi wanapokaa kina mama kusubiri uchungu uwazidie. Mkunga mkuu alitaka achorwe mama aliyembeba mtoto wake, mkubwa, kutoka sakafuni hadi karibu na dari, ili mwanamke aliyekaa pale na hofu zake awe na mtu wa kumtazama. Eustaki alikubali palepale, akashukuru, akapeana mkono na kila mtu hadi mlinzi wa getini. Alipofika nyumbani alikaa kitandani na viatu miguuni. Alikuwa amekumbuka kwamba ukuta haulazwi.

Hilo linataka maelezo, maana si kila mtu amewahi kulaza picha. Eustaki alijifunza kuchora kwa mama mmoja aliyeitwa Mwalimu Kandida, katika ghala la zamani la tumbaku lililokuwa bado linanukia majani. Mwalimu hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliweka ubao mapajani akachora, na wanafunzi wakakaa nyuma yake wakatazama. Aliyetaka kujifunza alijifunza kwa macho. Kitu walichokipenda kuliko vyote kilikuwa vivuli vyake. Hakusugua kivuli kwa kidole kama wengine. Alikipiga kwa mistari myembamba iliyokaribiana, na mistari hiyo yote iliinama upande mmoja, ikianzia juu kushoto na kushukia chini kulia, kama mvua inayosukumwa na upepo. Wanafunzi walipojaribu kuipiga vile, mikono ilikataa. Mistari yao iliinamia upande wa pili. Ndipo mmoja wao, hakuna anayekumbuka nani, akaulaza ubao wake ubavu, akapiga mistari kama mkono ulivyotaka mwenyewe, kisha akausimamisha tena. Mistari ikawa imeinama sawasawa na ya Mwalimu. Wenzake wakaona, wakafuata.

Tangu hapo kulaza kukawa sheria. Kila aliyejiunga aliambiwa achore picha ikiwa imesimama, lakini kivuli asikiguse mpaka ailaze. Miaka ilivyopita, sheria ikaota maana. Wakasema kivuli hakitulii mpaka picha ilale. Wakasema kulaza ni unyenyekevu, kwamba hata picha yapaswa iiname kwanza ndipo ipewe uhai. Mgeni aliyethubutu kupiga kivuli ubao ukiwa wima aliulizwa kwa ukali amefundishwa na nani. Mwalimu Kandida aliyaona yote hayo, hakusema kitu, na kunyamaza kwake kukachukuliwa kuwa baraka.

Mtauliza, je, hawakuona anachora kwa mkono gani? Waliona. Mwalimu alikuwa mashoto, na mji mzima ulijua. Lakini katika mji ule mkono wa kushoto wa mtu mzima hausemwi. Kwa mkono huo hupokei kitu wala humpi mtu kitu, na ukimwona mkubwa wako anautumia, unatazama pembeni kana kwamba hukuona. Ndiyo adabu. Basi wanafunzi wakautazama mstari, wakaacha kuutazama mkono unaoupiga, na miongoni mwa watu wote wale wenye macho makali hakutokea hata mmoja wa kuviunganisha viwili hivyo. Adabu iliwafumba macho barabara.

Eustaki alipotoka kwa Mwalimu na kuanza kujitegemea, alichora picha ndogo tu, za ukubwa wa kulazika. Kazi kubwa zilipomjia alizikataa, akasema roho yake inapenda vitu vidogo, na watu wakamsifu kwa kujua anachokitaka. Alizipokea sifa hizo. Lakini ukuta huu hakutaka kuukataa. Alizaliwa hapohapo, katika wodi ya zamani, na mama yake alizoea kusimulia kwamba saa zote zile za uchungu hakuwa na kitu cha kutazama ila ufa wa ukutani. Eustaki aliutaka ukuta huu kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na aliuogopa kwa kiasi hichohicho.

Akaanza. Mama akasimama ukutani, mabega mapana, kitenge kifuani, mtoto mikononi. Mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri. Ilipofika zamu ya kivuli, Eustaki alisimama mbele ya ukuta na kipande chake cha mkaa, akapiga mistari, nayo ikainamia upande usiotakiwa. Alijihisi kama mtu aliyemtukana mzazi wake hadharani. Akaifuta kwa kitambaa cha maji. Akajaribu kuinamisha kichwa mpaka shingo ikakakamaa. Akaweka ubao mrefu juu ya ngazi mbili, akalala juu yake ubavu ili yeye alale badala ya ukuta, akaanguka, na mafundi wa mabomba wakacheka mpaka wakakaa chini. Mama wa ukutani akabaki na uso bapa usio na kivuli hata kimoja. Wanawake waliokuja kliniki walimtazama, wakanong'onezana, na mmoja akamwuliza Eustaki kwa upole kama huyu mama atapata pua. Mkunga mkuu naye akamwambia, bila hasira, kwamba siku ya kufungua wodi inakaribia, na kama picha haitakwisha, ukuta utapakwa rangi ya maziwa kama kuta nyingine. Eustaki akaanza kufikiri kwamba pengine Mungu hakumpa kipaji, ila alimwazima tu, na sasa anakidai.

Wachoraji wachanga wa mji ule walikuwa na desturi. Kila Jumamosi walikutana kwa dada mmoja aliyeitwa Zamoyoni, ambaye studio yake ilikuwa gereji kabla hajaichukua, na kila mmoja alileta kazi yake moja akaeleza anavyofanya kazi na nani yumo mkononi mwake. Ndivyo walivyouliza: nani yumo mkononi mwako? Jumamosi ile Zamoyoni alieleza kwamba picha zake zote anazianza katikati na kuzizungusha kwenda nje, kwa sababu bibi yake alisuka makawa ya kufunikia chakula, na yeye alikua akitazama vidole vile kabla hajajua kushika penseli. Mwenzao Mkude akasema, bila aibu hata kidogo, kwamba yumo kinyozi wa mtaani kwao aliyechora vichwa kwenye ubao wa duka lake, na ndiyo maana watu wake wote mpaka leo wametoka kunyolewa. Wakacheka, naye akacheka nao. Kisha wakamgeukia Eustaki.

Alikuwa amejiandaa kusema kwamba hakufundishwa na mtu. Alilifikiria jibu hilo njia nzima, na aliliona zuri, maana mtu asiye na mwalimu hana sheria ya kuvunja. Lakini alipofungua kinywa alimwona Mwalimu Kandida akilini, akauacha uongo ule. Akasema yote. Akaeleza kulaza, akaeleza ukuta, akaeleza ngazi na jinsi alivyoanguka. Hakuna aliyecheka safari hii. Mkude akamshauri apige vivuli anavyoweza, wodi ifunguliwe, maana Mwalimu wake hatakuja kupima mwinamo wa mistari. Eustaki akakataa. Alisema akifanya hivyo atakuwa amemtupa aliyemfundisha, na picha ya mama haiwezi kuanza kwa kumtupa mama. Zamoyoni akamwuliza:

"Na Mwalimu mwenyewe, huwa analaza?"

Eustaki akataka kujibu upesi kwamba ndiyo. Akatafuta kichwani picha ya Mwalimu akilaza ubao, akatafuta tena, hakuipata. Miaka yote ile hakuwahi kumwona akiulaza hata mara moja. Wakamwuliza kama aliwahi kumwuliza sababu. Akasema hakuwahi, na alipolisema aliona jinsi lilivyokuwa jambo la ajabu, mtu kubeba kitu miaka yote hiyo bila kumwuliza mwenyewe ni cha nini.

Kesho yake alikwenda kule ghalani. Mwalimu Kandida alikuwa amekaa mlangoni kwenye mwanga, ubao mapajani, anamchora kuku wa jirani aliyegoma kutulia. Eustaki akamwamkia, akaitikiwa marahaba, akakaribishwa kigoda. Akaulizwa habari za nyumbani, akajibu, kisha akaulizwa habari za kazi. Halafu, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakutazama pembeni. Aliutazama mkono. Aliutazama ukitoka kushoto, ukishuka, mstari baada ya mstari, bila taabu yoyote, na kabla hajafungua kinywa alikuwa ameshaelewa nusu ya jambo. Bado aliuliza, maana alikwishaamua kuuliza. Akasema kwamba anaomba radhi, ila angependa kujua ni kwa nini kivuli lazima kiiname upande ule, na kwa nini picha lazima ilazwe.

Mwalimu akaweka penseli chini. Akamtazama, akautazama mkono wake, akamtazama tena.

"Mwanangu," akasema, "mimi ni mashoto tu. Mistari yangu inalala huku kwa kuwa mkono wangu unatokea huku. Ninyi nilipowaona mnalaza mbao, nilidhani ndivyo mnavyopenda."

Kisha akacheka. Alicheka mpaka akatoa kanga kufuta macho, na kuku akakimbia, na kicheko kilipokwisha machozi yaliendelea. Akamweleza kwamba alipokuwa mtoto mkono ule ulifungwa kitambaa, akapigwa kila alipoufungua, na alipoanza kufundisha aliapa kwamba hatamlazimisha mtoto wa mtu mkono wake uende usikotaka kwenda. Ndiyo sababu alinyamaza. Aliona wanahangaika na mbao zao, akajiambia kila mtu ana njia yake, nani yeye awakataze. Na jinsi walivyokuwa hawautazami mkono wake, wala kuutaja, miaka yote hiyo, alikuwa ameamini kwamba wanauonea haya. Eustaki aliposikia hivyo akapiga magoti, akaushika mkono ule wa kushoto kwa mikono yake miwili, akaubusu. Naye pia alikuwa analia, lakini kifua chake kilikuwa chepesi kama cha mtu aliyetua gunia. Akauliza, basi ni nini hasa alichotaka wakichukue kwake. Mwalimu akasema alitaka wajifunze kutazama sana kabla ya kugusa, na hilo Eustaki amelichukua zamani, sasa akamalizie kazi ya watu.

Akarudi wodini. Alisimama mbele ya ukuta kwa miguu yake miwili, akautazama kwa muda mrefu, akapiga kivuli kwa mkono wake wa kulia, na mistari ikainamia kulikoipendeza. Hakuna kilichoanguka. Chini ya kidevu pakaingia kina, mashavu yakajaa, pua ikatokea, na mwanamke mmoja aliyekuwa anasubiri kwenye benchi akamwambia jirani yake kwamba sasa huyu mama anapumua. Eustaki alipiga kivuli asubuhi ile yote akiimba kwa sauti mbaya, na mafundi wa mabomba hawakumzuia.

Mtoto wa ukutani alimwacha kwanza bila kivuli. Akamwita Mwalimu Kandida, akamwekea ngazi moja tu, imara, akaishika kwa chini. Mwalimu akapanda taratibu, akampiga mtoto kivuli kwa mkono wake wa kushoto, mbele ya wakunga na wajawazito na mtu yeyote aliyetaka kutazama, na hakuna aliyegeuza uso. Mpaka leo, ukisogea karibu na ukuta ule, utaona mistari ya mama imeinamia huku na ya mtoto kule, nayo inakutana mkononi, pale mama alipomshika. Ukirudi nyuma hatua chache huoni tofauti, unamwona mama na mwanawe.

Sasa niwaulize ninyi mliolelewa na watu: katika yale mnayoyabeba kama amri, ni lipi ambalo aliyewaachia angewatua leo hii kwa kicheko, kama mngethubutu kumwuliza?