Kipande cha Tambwe

Sogeeni, sogeeni, na wewe unayetafuna muwa huko nyuma, tafuna kimyakimya. Twendeni kale, ile kale ambayo hata bibi yangu mimi alikuwa hajaota meno.

Huko milimani kulikuwa na njia moja na vijiji vitatu: Bwene chini, Tambwe katikati, Kilao juu. Upande huu genge, upande huu miiba. Usipopita njiani, hupiti popote. Kila kijiji kilikuwa na kipande chake cha njia. Mvua ziliikuta nzima na kuiacha imebomoka, basi wenye kipande hukifunga kwa gogo na kukitengeneza mwezi mzima. Mwaga udongo, nyunyiza maji, shindilia. Mwaga tena, nyunyiza tena, shindilia tena. Mguu wa mpita njia haukanyagi mpaka udongo ukauke, maana ukikanyaga umeharibu kazi ya watu.

Sasa sikilizeni vituko. Bwene walifunga mvua zikikatika tu. Tambwe walisubiri mwezi uandame. Kilao walivuna maharage kwanza. Bwene wakifungua, Tambwe wamefunga. Tambwe wakifungua, Kilao wamefunga. Kilao wakifungua, mvua hizo zinarudi. Mnacheka? Watu wazima hao, na ndevu zao.

Msimamizi wa kipande cha Bwene alikuwa mzee Senkondo. Mimi huyu mzee nampenda, ingawa alikuwa mbishi kupita kiasi. Njia yake aliijua jiwe kwa jiwe, na mtu wa kijiji kingine akijaribu kumshauri aliambiwa akashauri kwao. Alikuwa na dada yake, Nakiete, aliyeolewa Kilao. Ndugu wengine wote walishakufa, wamebaki wao wawili.

Mwaka mmoja ikaja habari, ikapigiwa kelele kwenye gogo la Bwene: Nakiete macho yanamwisha, anataka kumwona kaka yake usoni kabla giza halijamfunika. Senkondo ndiyo kwanza amefunga kipande chake, udongo mbichi. Angeweza kuruka gogo lake mwenyewe. Hakuruka. Alingoja mwezi mzima roho ikimuuma, na siku ya kufungua akashika fimbo akapanda mlima. Kufika Tambwe, gogo.

Kipande cha Tambwe kilizunguka korongo, kwa hiyo aliyesimama mwanzo wake na aliyesimama mwisho wake wanaonana na kusikizana. Na kule mwisho, ng'ambo ya korongo, Senkondo akamwona Nakiete. Binti yake alikuwa amemshika mkono, amemleta.

"Kaka," Nakiete akaita, "ni wewe huyo mwenye shuka nyeupe?"

Senkondo akajitazama. Hakuwa na shuka nyeupe. Pembeni yake kulikuwa na jiwe kubwa jeupe, na dada yake alikuwa akilipungia mkono jiwe.

"Ndiyo, dada," akasema. "Ni mimi."

Akageuka akalia, mzee mzima, mbele za watu.

Alipomaliza kulia alimwendea Mcharo, msimamizi wa Tambwe, kijana ambaye angeweza kuwa mwanawe. Akaomba apite. Mcharo akamwamkia kwa heshima, kisha akamkumbusha kwamba mwaka jana alimleta mama mkwe wake mgonjwa kwenye gogo la Bwene, na Senkondo akamwambia udongo haujui mkwe. Na kweli alilisema, na kwa sauti.

"Zimebaki siku ngapi?" akauliza.

"Ishirini, mzee wangu. Na Kilao wanafunga baada ya siku kumi."

Hesabuni wenyewe, wajukuu zangu. Mpaka Kilao wafungue, Nakiete ataona nini?

Senkondo akavua vazi lake la ngozi. Akasema, "Mcharo, nitaleta watu wa Bwene na majembe yao. Kipande ni chako, utaamuru wewe. Mimi nipe kokoto nibebe."

Jambo hilo halijapata kutokea. Jembe la Bwene kwenye udongo wa Tambwe? Mcharo akamtazama mzee yule mbishi amesimama kifua wazi na mbavu zake zote zinaonekana. Kisha akamwonyesha kokoto zilipo.

Bwene wakapanda. Kilao nao, walipoona, wakashuka kutoka upande wao. Mwaga, nyunyiza, shindilia. Senkondo alibeba kokoto, na akiambiwa hapa siyo, anahamisha bila neno. Siku ya sita kazi ikaisha, siku mbili jua likakausha, siku ya tisa Mcharo akaondoa gogo.

Nakiete akamshika kaka yake mashavu, akamvuta mpaka nyuso zikakaribia kugusana, akamtazama, akamtazama.

"Umezeeka vibaya," akasema, na hakumwachia.

Kabla ya mvua macho yale yakazima kabisa. Uso wa mwisho alioutazama akashiba ni ule.

Toka mwaka ule vijiji vitatu vikafunga pamoja na kufungua pamoja, mikono yote kipande hadi kipande, na kila kipande kikaamriwa na mwenyewe. Basi shikeni hili: chako kitunze, lakini muulize jirani anafunga lini, maana mwisho wa njia yako yupo mtu anayekungoja.

Mzigo wa kisa nimeutua hapa. Mwenye kichwa kizima na aubebe.